Seva ya barua pepe ya ofisi ndogo: cheti kinakataliwa kwenye simu na barua nyingine zinarudi

MhasibuWaBandarini

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Tuko watu 11, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyewahi kujifunza Linux, kazi zote za kompyuta huniangukia. Kwa miaka mingi tumetumia anwani za bure za barua pepe, kila mtu na yake. Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alipokea ankara iliyofanana na yetu kwa kila kitu isipokuwa namba ya akaunti ya benki, na anwani iliyoituma ilitofautiana na yetu kwa herufi moja tu. Kwa bahati alitupigia simu kabla ya kulipa. Bosi aliamua siku hiyohiyo kwamba tusajili kikoa chetu cha .co.tz, tuwe na seva yetu wenyewe, na kila muunganisho ulindwe kwa usimbaji fiche.

Nimekodi seva ndogo yenye kumbukumbu ya GB 2, nikaweka Debian 12 (aina ya Linux), Postfix ya kutuma na kupokea barua na Dovecot ya kuzisomea, pamoja na cheti cha bure cha Let's Encrypt kinachothibitisha jina la seva. Kompyuta za ofisini zinapokea barua vizuri, lakini nimekwama katika mambo matatu.

La kwanza ni simu. Kila anayejaribu kuweka barua ya ofisi kwenye simu yake anaambiwa kwamba jina lililo kwenye cheti halilingani na jina la seva. Nimewaambia wabonyeze "endelea" kwa sasa, ingawa nafsi hainiruhusu.

La pili ni barua zinazotoka. Siku mbili za mwanzo zote zilirundikana kwenye foleni, na logi (kumbukumbu za matukio ya seva) ikaandika kwamba muda wa kuunganishwa umekwisha. Nilipowaandikia wenye seva wakanifungulia poti 25, zikaanza kutoka, lakini za kwenda Gmail ama zinaangukia kwenye barua taka ama zinarudi na namba 550-5.7.26.

La tatu ndilo linalonichanganya zaidi. Wakala mmoja wa meli aliye ng'ambo anasema kila anachotuandikia kinamrudia. Katika logi yangu naona seva yake inafika, kisha yangu inaijibu hivi:

`530 5.7.0 Must issue a STARTTLS command first`

Nilidhani kulazimisha usimbaji kila mahali ndiyo salama zaidi. Bosi naye anauliza kama si bora tuihamishe seva yote kwenye kompyuta iliyo hapa ofisini ili data iwe mikononi mwetu. Naomba mnielekeze.

FundiSeva

Ndugu Mhasibu, pole na kazi. Tuanze na hilo la tatu, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yatakaa sawa.

Seva ya barua ina miunganisho ya aina tatu, na watu wengi huichanganya kwa sababu yote hulindwa na TLS, teknolojia ya usimbaji, na huitwa hivyo. Upo muunganisho wa simu au kompyuta ya mfanyakazi anapotuma barua kupitia seva yako, na huo hupita poti 587 au 465. Upo wa mfanyakazi huyohuyo anaposoma barua zake, nao hupita poti 993. Halafu upo wa seva ya mtu usiyemjua inapokuletea barua, ambao hupita poti 25. Miwili ya kwanza ni ya watu wako: una mamlaka juu ya vifaa vyao, kwa hiyo lazimisha usimbaji bila kumwonea mtu haya. Wa tatu ni wa dunia nzima, na huko huna mamlaka na yeyote.

SMTP, yaani kanuni ya kutumiana barua pepe, iliandikwa mwaka 1982 bila usimbaji wowote, na amri ya STARTTLS, inayoomba usimbaji uanze, iliongezwa mwaka 1999. Zipo seva hadi leo ambazo hazijawahi kuijua amri hiyo au zilizoiweka vibaya, na seva ya wakala wako ni mojawapo. Yenyewe ilibisha hodi kwa lugha ya kale, yako ikasema "sifungui mpaka useme STARTTLS", ikaondoka na barua yake. Hata waraka rasmi wa STARTTLS, RFC 3207, unakataza seva ya hadharani inayopokea barua za kikoa chake kushurutisha amri hiyo. Kwa poti 25 unatakiwa kuutangaza usimbaji, na anayeuweza atautumia.

Bila shaka umeandika `encrypt` (lazimisha usimbaji) katika main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, na neno hilo likashika poti zote. Liondoe hapo, uweke:

`smtpd_tls_security_level = may`
`smtp_tls_security_level = may`
`smtpd_tls_auth_only = yes`
`smtpd_tls_loglevel = 1`

Mstari wa kwanza unahusu barua zinazoingia na wa pili zinazotoka. Tofauti yao ni herufi "d" tu, na herufi hiyo imewapotezea watu jioni nyingi. Wa tatu unazuia nenosiri lolote lisipite kabla ya usimbaji kuanza. Kisha fungua master.cf, na chini ya huduma ya `submission`, yaani poti 587, ongeza `-o smtpd_tls_security_level=encrypt` na `-o smtpd_sasl_auth_enable=yes`. Kwa poti 465 weka `-o smtpd_tls_wrappermode=yes` pamoja na huohuo wa SASL, yaani wa kuingia kwa nenosiri. Usiwashe SASL katika main.cf: hakuna mfanyakazi anayehitaji kuingia kwa nenosiri kupitia poti 25, ila wabahatishaji wa manenosiri watafurahi sana kukuta mlango wa pili. Kati ya 587 na 465, mimi huwapa watu 465, kwa kuwa hapo usimbaji huanza tangu neno la kwanza badala ya kuanza kwa maneno ya wazi na kuomba usimbaji katikati. RFC 8314 ya mwaka 2018 inapendekeza vivyo hivyo. Upande wa Dovecot andika `ssl = required`, na uifunge poti 143 kwenye fayawoli kama hakuna anayeitumia.

Sasa simu. Naamini cheti chako ulikitoa kwa jina la kikoa chenyewe na la www, kwa sababu ndivyo maelezo mengi ya tovuti yanavyoelekeza, wakati simu zinaita jina linaloanza na `mail.`. Simu ziko sahihi kukataa. Omba cheti kipya chenye jina hilo kamili, na jina hilohilo liwe ndilo unalowapa wafanyakazi kwa kupokea na kwa kutuma. Katika Postfix kitambulishe hivi, ukianza na ufunguo kisha cheti:

`smtpd_tls_chain_files = /etc/letsencrypt/live/.../privkey.pem, /etc/letsencrypt/live/.../fullchain.pem`

Hapo tumia fullchain.pem, wala si cert.pem. Ukiweka cert.pem peke yake utaona kompyuta fulani inakubali na simu fulani inakataa, kwa kuwa kompyuta ile ilikwisha kuhifadhi kutoka kwingine cheti cha kati (kinachounganisha chako na mtoaji anayeaminika, nacho kimo ndani ya fullchain.pem), na utazunguka kutwa ukitafuta ubovu kwenye simu. Na hilo la kuwaambia watu wabonyeze "endelea", lisitishe leo hii. Unawazoesha kulipuuza onyo ambalo siku moja litakuwa la kweli.

Kuna shimo moja niliwahi kutumbukia. Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na certbot, programu inayoviomba, huanza kuvihuisha zikibaki siku 30. Kwangu kilihuishwa vizuri kabisa, faili jipya likawa kwenye diski, lakini Dovecot ilikuwa bado imekishika cha zamani kwenye kumbukumbu kwa sababu hakuna aliyeiambia isome upya. Jumatatu asubuhi nikapokea simu za watu 20 kabla ya chai. Tangu hapo naweka faili dogo katika `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/` lenye mstari huu:

`systemctl reload postfix dovecot`

Hakikisha faili hilo lina ruhusa ya kuendeshwa. Let's Encrypt nao waliacha kutuma barua za kukumbusha tarehe za mwisho mwezi Juni 2025, kwa hiyo usikae ukingoja kuzinduliwa. Ukitaka kukiona cheti kinachotolewa kweli na seva, achana na faili lililo kwenye diski, uulize kupitia mlango wenyewe kwa `openssl s_client -connect` ukiongeza jina la seva na `:993`, kisha usome tarehe.

PwaniAdmin

Salaam kutoka Mombasa. Fundi amelimaliza suala la usimbaji, kwa hiyo nitagusa hilo la Gmail tu. Hizo namba 550-5.7.26 hazihusiani na TLS kabisa. Gmail inakwambia kwamba haijui kama barua hii imetoka kwenu kweli. Unaweza kuwa na usimbaji wa hali ya juu na bado ukawa mgeni asiye na kitambulisho.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (uthibitisho wa mtumaji, nitaueleza chini), na awe na rekodi ya PTR inayokubaliana na jina lake. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail ndio wanaolazimika kuwa na SPF na DKIM zote mbili pamoja na DMARC, yaani agizo la nini kifanyike kwa barua isiyothibitika. Ninyi watu 11 hamtafika huko, lakini wekeni zote. Kazi yake ni ya alasiri moja.

Anza na PTR, yaani rekodi inayogeuza anwani ya IP kuwa jina. Wengi huitafuta mahali walikosajili kikoa, wasiione. PTR ni ya mwenye anwani ya IP, kwa hiyo utaikuta kwenye paneli ya wenye seva, au utawaandikia wakuwekee. Lazima itaje lile jina la `mail.`, jina hilo nalo lielekeze kwenye IP ileile, na `myhostname` katika Postfix iwe hilohilo. Angalia pia kama seva yako ina anwani ya IPv6, aina mpya ya anwani ya IP kando ya ile ya kawaida ya IPv4. Seva nyingi za kukodi huja nayo bila wewe kuiomba, Postfix huitumia kimyakimya, Gmail huikuta haina PTR na kuikataa barua, nawe ukikagua unaona IPv4 yako ni safi kabisa. Ama iwekee PTR yake, ama uandike `inet_protocols = ipv4`.

SPF ya ofisi kama yenu ni fupi: `v=spf1 mx -all`, maana yake ni kwamba seva inayopokea barua zetu ndiyo pekee inayotuma kwa jina letu. Kama kuna mfumo mwingine unaotuma kwa jina lenu, mathalani programu ya ankara iliyo kwa kampuni nyingine, uongeze hapo, ukikumbuka kwamba SPF hairuhusu maulizo ya DNS (daftari la majina ya intaneti) zaidi ya 10.

DKIM hutia saini kwenye kila barua inayotoka. Tumia programu ya OpenDKIM au Rspamd, na ufunguo wa biti 2048. Hapa pana mtego: ufunguo huo ukiwekwa kwenye rekodi ya TXT, yaani ya maandishi, ya DNS unazidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja, kwa hiyo sharti ugawanywe katika vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Nimewahi kutumia paneli iliyoukata mwisho wa ufunguo bila kusema neno. Saini zote zikawa batili, na mimi siku tatu nzima nikalaumu OpenDKIM. Baada ya kuuweka, uulize kwa amri ya `dig` kutoka nje, uhesabu herufi.

DMARC ianze na `p=none` (usizuie chochote) pamoja na anwani ya kupokea ripoti. Zisome wiki mbili au tatu, ukiona kila kinachotoka kwenu kinapita, panda hadi `quarantine` (iende barua taka), kisha `reject` (ikataliwe). Usianze na `reject` kwa hamasa. Nimeona ofisi ikijizuilia barua zake yenyewe.

Jambo moja nataka bosi wako alisikie wazi, kwa kuwa ndilo lililoanzisha yote haya. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho kingeizuia ile ankara ya uongo. DMARC inamzuia mtu kutumia kikoa chenu. Haimzuii kusajili kingine kinachotofautiana kwa herufi moja, akakiwekea SPF, DKIM na cheti halali kabisa. Mteja wenu aliokolewa na simu. Waandikieni wateja wote kwamba akaunti ya benki haitabadilishwa kamwe kwa barua pepe bila ninyi kuthibitisha kwa sauti, kupitia namba wanayoijua tangu zamani.

MlinziWaData

Mimi nitakuwa mchungu kidogo, mnisamehe. Ofisi ya watu 11 ina haja gani ya seva yake? Kazi si kuiweka. Kazi ni kuitunza mwaka wa pili na wa tatu, wakati Mhasibu amepata ajira kwingine na hakuna anayejua ufunguo wa SSH, wa kuingilia kwenye seva, uko wapi. Mngelipia huduma ya barua ya kampuni inayoshughulika na hilo tu, mkatumia kikoa chenu hichohicho na zile rekodi za DNS, mngepata manufaa mengi bila usumbufu. Nasema hivi baada ya miaka mingi ya kuamshwa usiku na mashine za watu.

Hata hivyo, kwa kuwa mmekwisha kuanza, nijibu suala la kuihamishia ofisini: msifanye hivyo. Intaneti nyingi za ofisi ndogo zina IP inayobadilikabadilika, na anwani za aina hiyo kwa kawaida ziko kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus (shirika linalopambana na barua taka), ambayo seva nyingi huitumia kukataa barua hata kama hujafanya kosa lolote. PTR yake hamtapewa. Poti 25 huenda imefungwa na mtoa huduma. Umeme ndiyo hofu ya wengi, lakini kwa barua zinazoingia si tatizo kubwa kama mnavyodhani, kwa sababu seva inayotuma ikikuta mmezimika huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Postfix, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikati tamaa mpaka zipite siku tano. Watakaoumia ni wafanyakazi wanaotaka kusoma na kutuma saa hiyo.

Kama bosi anataka data iwe mikononi mwake, mletee nakala rudufu ya kila usiku kwenye diski iliyo ofisini, nayo isimbwe. Jaribu kurejesha kisanduku kimoja kutoka kwenye nakala hiyo kila baada ya miezi mitatu, la sivyo huna nakala, una matumaini. Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina sehemu inayohusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Nyaraka za forodha zimejaa majina, namba za utambulisho na anwani za watu, kwa hiyo jua seva yako ya kukodi iko nchi gani, kisha umwonyeshe mwanasheria.

Hakikisha pia kwamba seva haitumi barua kwa niaba ya kila mpita njia. Katika `mynetworks`, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma bila nenosiri, iache anwani za seva yenyewe tu. Nimeona watu wakiongeza mtandao mzima wa mtoa huduma ili simu zikubali, na kwa kufanya hivyo wakawakaribisha maelfu ya wasiowajua. Ikishatumika kutuma takataka, IP hiyo hutaisafisha kwa wiki nzima. Weka fail2ban, programu inayowafungia wabahatishaji wa manenosiri, isome logi za Postfix na Dovecot, na manenosiri wasiyachague wenyewe.

MhasibuWaBandarini

Ahsanteni sana wakuu. Nimefanya kazi Jumamosi nzima na ninaleta majibu.

Kweli `encrypt` ilikuwa kwenye main.cf. Nimeibadilisha, nikamwomba wakala atume tena, na barua yake imeingia baada ya dakika chache. Cheti kilikuwa cha jina la tovuti, kama alivyosema Fundi. Nimetoa kipya, na simu 10 zimekubali bila onyo. Moja bado ilikataa, ya dereva wetu, nikagundua kwamba tarehe ya simu hiyo ilikuwa imerudi mwaka 2019, kwa hiyo kwa hesabu yake cheti kilikuwa hakijaanza kutumika. PTR imewekwa, na IPv6 nilikuwa nayo bila kujua. Barua ya majaribio kwenda Gmail imefika kwenye kikasha, na nilipofungua maelezo yake ya ndani nikaona SPF, DKIM na DMARC zote zimeandikwa PASS. Bosi ameacha wazo la kuihamisha seva, lakini hataki kusikia habari ya kulipia huduma nyingine, kwa hiyo nitabaki nayo. Ufunguo wa SSH nimempa nakala kwenye bahasha, ameifungia kwenye kabati la fedha.

Yamebaki mawili. Katika logi sasa naona mistari mingi ya namna hii, na neno la kwanza limenitia wasiwasi:

`Anonymous TLS connection established from ...: TLSv1.3`

Je, ina maana kuna mtu asiyejulikana anayeingia? Pili, kama poti 25 inakubali hata wasiosimba, si mtu wa katikati anaweza kuifuta ile STARTTLS ili barua ije wazi?

FundiSeva

Neno hilo lisikutie hofu. Linamaanisha kwamba seva iliyokuletea barua haikutoa cheti chake, na haikutoa kwa sababu Postfix haikukiomba. Usimbaji wenyewe upo na ni wa TLS 1.3, toleo la mwaka 2018, kwa hiyo mstari huo ni wa kufurahia. Utakapoona TLSv1 au TLSv1.1, matoleo yaliyostaafishwa rasmi Machi 2021, hapo jua ni seva ya zamani. Kwa poti 25 mimi huyavumilia, kwa poti za wafanyakazi hapana.

Swali lako la pili ni zuri, na ndio udhaifu wa mpangilio huu. Dawa mojawapo inaitwa MTA-STS, ya RFC 8461. Unatengeneza tovuti ndogo yenye jina linaloanza na `mta-sts.`, yenye cheti chake, na ndani yake unaweka faili `/.well-known/mta-sts.txt` linalotaja jina la seva yako ya barua. Kisha unaongeza rekodi ya TXT ya `_mta-sts` kwenye DNS. Watumaji wanaoielewa, Gmail wakiwamo, wakishalisoma faili hilo hukataa kukuletea barua bila usimbaji na cheti halali, wakati yule wakala wako asiyeielewa ataendelea kufika kama kawaida. Anza na `mode: testing`, ukae nayo mwezi mmoja, halafu uandike `enforce`. Kila unapobadilisha faili, badilisha na namba ya `id` kwenye ile rekodi ya TXT, kwa sababu watumaji huhifadhi nakala ya faili na huenda wasilisome upya mpaka waone namba mpya.

Na siku utakapohamia Debian 13, usinakili mipangilio ya Dovecot kama ilivyo. Huko kuna Dovecot 2.4, ambayo imebadilisha majina mengi: `ssl_cert` imekuwa `ssl_server_cert_file`, na huduma haitawaka mpaka urekebishe. Fanya hivyo kwenye seva ya majaribio kwanza, tena usichague mwisho wa mwezi mnapotuma ankara.